Uliza Mwalimu: "Nimeambiwa niandike majina ya vijana"

Mwezi huu nimejibu barua tatu tu, kwa sababu ya kwanza imekula nafasi ya wenzake. Mwenyewe alinipigia simu pia, mara mbili. Ile ya pili ilikuwa saa kumi alfajiri, nikasikia jogoo akiwika karibu kabisa na simu, nikajua ametoka nje ili wa nyumbani wasimsikie.

*Shikamoo Mwalimu, na Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa kumi na moja sasa, na pia ni mzee wa Nyumba Kumi kijijini kwetu. Wiki tatu zilizopita mkubwa mmoja aliniita nyuma ya ofisi, akaniambia nimwandikie majina ya vijana wa upande wetu waliokwenda mjini kuandamana. Jina la kijana, jina la baba, na namba ya simu kama ninayo. Hakunipa barua. Alisema ni mambo ya usalama tu. Nikihesabu kichwani napata vijana kumi na wanne. Wanane kati yao niliwafundisha kipaimara, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Nilimweleza mchungaji wetu, naye akanifungulia Warumi 13, akaniombea, akasema serikali imewekwa na Mungu. Mke wangu amesema nikiandika nitafute pa kulala. Nina woga, Mwalimu, sitakuficha. Nifanye nini?*
*Mzee wa Nyumba Kumi, Pwani*

Marahaba. Usiandike.

Jibu ni hilo, na kama simu yako inakaribia kuzima unaweza kuishia hapo. Yanayofuata ni ya kukueleza kwa nini mtu kama mimi, niliyeandika, nathubutu kukwambia wewe usiandike.

Februari 1988 nilikuwa na miaka 24, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ambayo sitaitaja. Nilichukuliwa kuwa karani katika mchujo wa KANU, chama kilichotawala wakati huo, ule wa mlolongo. Vijana wanaosoma ukurasa huu wanalijua neno tu, basi niwaeleze. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Chama kilikuwa kimoja, na ukitaka kupiga kura katika mchujo sharti uwe na kadi yake. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani ameinua picha ya mtu wake, nawe ukaenda kusimama nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wako, mbele ya mwenye duka anayekudai. Kisha mkahesabiwa. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, hakuwa na haja ya kurudi kwa wananchi mwezi wa Machi. Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, watu wakishatawanyika kwenda kula, hakuna cha kuhesabu upya. Ushahidi wote umekwenda nyumbani kwa miguu.

Kwetu zilikuwa picha mbili. Mstari wa kwanza ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukapita madarasa, ukazunguka mkwaju, ukatokea nje ya lango. Wa pili uliishia kwenye tangi la maji. Nilihesabu kwa kugusa bega la kila mtu, maana ndivyo nilivyozoea kuhesabu watoto asubuhi. 412 huku, 137 kule. Nikaandika kwenye kiganja kwanza, halafu kwenye daftari.

Jioni, huko makao ya tarafa, mkubwa mmoja alinisogezea karatasi iliyokwisha kujazwa. Hesabu zangu zilikuwamo zote mbili, hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata mtu mmoja. Zilikuwa zimebadilishana majina tu. Akasema, "Mwalimu, hapa chini." Juu ya meza ileile palikuwa na chai ya maziwa na mahamri. Nikatia sahihi. Sikupigwa, sikutishwa, hata sauti hakuinua. Mahamri nilikula mawili.

Wiki iliyofuata nilikutana njiani na babu wa mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa mtu wa mwisho kabisa katika ule mstari mrefu, kule nje ya lango, na bega lake nililigusa mwenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, watoto wetu unawafundisha hesabu gani?" Hakungoja jibu. Akaenda zake akikokota baiskeli.

Kwa hiyo ukinieleza kwamba mkubwa wako alikuwa mpole, akakuita nyuma ya ofisi, akasema ni mambo ya usalama tu, namjua. Bunduki ina watu wake. Kwa watu kama mimi na wewe dhuluma huja na karatasi na kalamu, kwa sababu inahitaji mwandiko wa mtu anayeaminika. Nani kijijini atabisha orodha iliyoandikwa na mzee wa kanisa?

Sasa tumwendee mchungaji wako. Simlaumu sana, maana aya hiyo hata zamani ndiyo iliyokuwa ikifunguliwa kila mtu alipouliza swali. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Vizuri. Muulize basi, kwa heshima zote, mamlaka iliyo kuu nchini Kenya ni ipi? Katiba ya 2010 inalijibu hilo katika Ibara ya kwanza kabisa: mamlaka kuu yote ni ya wananchi, na wengine wote wameazimwa. Ukifika Ibara ya 37 utakuta haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mkubwa anayetaka majina nyuma ya ofisi, bila barua, ndiye anayeiasi mamlaka iliyo kuu. Na msomeeni mpaka aya ya 4, pale Paulo anaposema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako *kwa ajili ya mema*. Paulo huyohuyo, walipompiga viboko kule Filipi bila kesi na asubuhi wakatuma watu wamwachilie kimyakimya, alikataa kutoka. Alisema yeye ni raia wa Rumi, kwa hiyo waje wenyewe wamtoe. Sioni mtu aliyedhani kutii ni kunyamaza.

Askofu David Gitari, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana hapa Kenya kuanzia 1997 hadi 2002, alikuwa na namna yake ya kusoma Biblia ambayo naipenda. Hakuwa mpiga kelele. Alichukua sura moja akaifafanua aya kwa aya, taratibu, na ulipofika katikati ulishtuka kwamba anazungumza juu ya juzi. Mwaka 1987, wakati mlolongo unaandaliwa, alihubiri Nyeri juu ya Danieli sura ya 6. Mnaikumbuka hadithi: wakubwa wa Babeli wanamletea mfalme Dario sheria iliyokwisha kuandikwa, tamu masikioni, wakamhimiza atie sahihi haraka, na ikishatiwa haiwezi kubadilishwa. Mfalme anatia. Kisha anakesha usiku kucha akijuta, kwa sababu mtu aliyenaswa ni Danieli. Wanasiasa walikasirika sana. Mimi wakati huo sikuisikia hiyo mahubiri. Laiti ningeisikia kabla ya Februari! Lakini nisijidanganye. Biblia nilikuwa nayo, na Danieli 6 nilikuwa nimeifundisha Jumapili kwa watoto, nikiwachorea simba ubaoni. Sikuwahi kuiona ile kalamu ya Dario.

Niseme na hili, ili usidhani zamani makanisa yote yalikuwa mashujaa. Hapana. Yako yaliyojitoa katika Baraza la Makanisa kwa sababu Baraza lilipinga mlolongo. Gazeti la Baraza, *Beyond*, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika jinsi kura zilivyovurugwa, na sikumbuki kengele ya kanisa letu ikilia kwa ajili hiyo. Tulikuwa na mazoezi ya kwaya.

Turudi kwako. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kuna wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao ana jina kubwa lakini Biblia haikulitaja, wakunga imewataja. Waliagizwa waue watoto wa kiume, wao wakamcha Mungu na hawakufanya. Ukisoma vizuri hawakuandamana, hawakuhubiri, hawakumtukana mfalme. Walikataa kuitumia kazi yao ya kuzalisha iwe kazi ya kuua. Wewe ni mzee wa Nyumba Kumi: umewekwa ujue ni nani anaumwa, nani hajala, nani amevunjiwa mlango. Majina unayoyajua umeyapata kwa kazi hiyo. Kuyapeleka nyuma ya ofisi ni kuigeuza.

(Wakunga walipoulizwa walimwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa haraka kabla mkunga hajafika. Je, walidanganya? Katika somo letu la Biblia la Alhamisi tumebishana juu ya hilo tangu 1996 na bado. Ushauri wangu kwako ni kwamba kama hujui kudanganya, usijaribu mbele ya mkubwa. Utatokwa jasho.)

Mwambie ukweli mfupi. Mwombe akupe agizo kwa maandishi, lenye jina lake, cheo chake na muhuri. Nimeona mambo mengi yakifia hapo. Usiende peke yako, nenda na mzee mwenzako, na mkirudi andikeni tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Kisha waambie mama za hao vijana, wote kumi na wanne, siku moja, ili pasiwe na mama anayesikia kwa jirani. Mawakili wanaosaidia bila malipo wapo. Namba nitakupa kwa simu.

Utalipa gharama, sikufichi. Uzee wa Nyumba Kumi hauna mshahara, kwa hiyo huko watakunyang'anya kofia tu. Lakini basari ya mtoto wako inaweza kupotea katika faili, na siwezi kukuahidi kwamba Mungu atairudisha kabla muhula haujafunguliwa. Liambie kanisa mapema. Kama tunaweza kuchangia harusi kwa kamati na bajeti, tunaweza kuchangia karo ya mtoto wa mzee aliyekataa kuandika.

Na mke wako nimsalimie. Danieli hakuwa na wa kumwambia hivyo, alikuwa na simba tu.

*Mwalimu, mimi ni mweka hazina wa kanisa. Paa letu linavuja. Mheshimiwa mmoja ametuahidi mabati yote na mbao, ila anataka dakika kumi za "kusalimia" baada ya mahubiri, na wapiga picha wake wawe mbele. Wazee wamegawanyika katikati. Wengine wanasema bati halina chama.*
*Mweka hazina, Bonde la Ufa*

Bati halina chama, lakini kipaza sauti kinacho.

Mwanzo 14: mfalme wa Sodoma alimwambia Abramu achukue mali yote. Abramu akakataa hata uzi, hata gidamu ya kiatu, asije huyo mtu akasema ndiye aliyemtajirisha. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Katoliki la Nairobi alirudisha zaidi ya shilingi milioni 2 ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Embakasi. Zilikuwa fedha za kwaya na za nyumba ya padri. Nilisikia watu wakisema amewanyima kwaya sare. Labda. Lakini mhubiri aliyeezekewa na mtu atalipima neno lake mara mbili siku ya kumwambia mtu huyo "si halali kwako", na Yohana Mbatizaji angekuwa anadaiwa mabati na Herode sijui kama sura ile ya 6 ya Marko ingekuwapo.

Kanisa letu tuliliezeka kwa michango ya shilingi mia mia. Ilichukua miaka mitatu na masika mawili mabaya, tukisali upande mmoja tu ulio mkavu, wanawake, wanaume na mbuzi wa jirani. Mpeni Mheshimiwa risiti kama mtu mwingine yeyote, akae benchi lake, asikilize neno, na sadaka aweke kwenye kikapu kinapopita. Akikubali hivyo, pokeeni. Mtaona kama atakubali.

*Shikamoo Mwalimu. Niko chuo hapa Eldoret. Nyanya yangu ana picha ya Askofu Alexander Muge ukutani, karibu na ya babu. Rafiki yangu mmoja anasema Muge alijitakia, alionywa asiende Busia akaenda, na Yesu amesema tusimjaribu Bwana Mungu wetu. Sikuwa na la kumjibu. Pili, mimi ni mwoga. Wenzangu wakienda maandamano mimi hubaki chumbani nikiomba. Je, ujasiri ni karama ambayo wengine hatukupewa?*
*Mwanachuo, Eldoret*

Marahaba mwanangu. Nianze na picha ya nyanya.

Muge alipata kuwa askari wa GSU, kile kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kabla ya kuwa kasisi, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hakujua vitisho ni nini. Alikuwa Askofu wa Eldoret tangu 1983, na alikuwa na mdomo. Alisema juu ya njaa ya Pokot Magharibi wakati wakubwa wanasema hakuna njaa, na juu ya ardhi inayonyakuliwa. Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alitangaza hadharani kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Muge akaenda. Watu wakampokea kwa shangwe. Akirudi, karibu na Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Waziri akajiuzulu. Dereva wa lori alifungwa miaka saba, akafia gerezani. Mimi siku hiyo nilikuwa nikisahihisha mitihani na redio ikiwa chini. Mwalimu wa zamu aliingia, akasimama tu mlangoni.

Je, alimjaribu Mungu? Nenda Mathayo 4 uangalie Shetani alimwambia Yesu afanye nini: ajirushe kutoka juu ya hekalu. Chini palikuwa na nani? Hapakuwa na mtu. Hakuna mgonjwa aliyemngoja, hakuna aliyezama. Ni kuruka kwa ajili ya kuruka. Busia palikuwa na watu. Na siku askofu atakapokubali waziri amchoree mahali pa kukanyaga na mahali pa kutokanyaga, kesho kila waziri atakuja na ramani yake. Nadhani alikwenda kazini. Rafiki yako anaweza kubisha, ila amuulize nyanya kwanza.

Lakini usichukue kutoka hapa kwamba anayekimbia ni mwoga. Paulo kule Dameski aliteremshwa ukutani usiku ndani ya kapu, na sijawahi kusikia mahubiri ya kumcheka. Angalia Uganda, 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, aliyekuwa mwalimu kama mimi kabla ya kuokoka mwaka 1948, alivamiwa nyumbani kwake Namirembe usiku wa manane kuamkia Februari 5. Askari wakapekua wakitafuta silaha. Hawakupata. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua, tarehe 10, wakimwambia kwamba bunduki aliyoelekezewa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 wakaitwa Kampala, silaha zikapangwa uwanjani mbele ya askari, ikasomwa hati ya kuwahusisha na njama za Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Luwum alimnong'oneza Askofu Festo Kivengere aliyekuwa kando yake: wataniua, siogopi. Jioni hiyo hakurudi. Redio ikatangaza ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Jeneza lilipofika Mucwini watu walilifungua, wakaona matundu ya risasi. Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa, likabaki tupu.

Na Kivengere? Siku chache baadaye yeye na mkewe Mera walitembea kwa miguu milimani wakavuka kuingia Rwanda. Kanisa lilelile, wiki zilezile. Mmoja alisema yeye ni Askofu Mkuu, hawezi kuwaacha watu. Mwingine akaondoka ili awepo wa kusimulia. Amin alipoangushwa 1979 Kivengere alirudi Kigezi kwa watu wake. Wazee wa Dodoma wanamkumbuka kama mwalimu wao wa shule, miaka mingi kabla hajawa askofu, na Kiswahili alikijua barabara. Nalitaja hili kwa sababu linaniuma: askari wa Amin waliamrisha na kutukana kwa Kiswahili, na wapo Waganda wa rika langu ambao lugha yetu hii tamu bado wanaisikia kama buti.

Swali lako la pili. Unasema ni mwoga, hubaki chumbani ukiomba. Aprili 1992 nilikuja Nairobi likizo kwa dada yangu. Mwezi mmoja kabla, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa Uhuru Park wakigoma kula, wakitaka wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi, Wangari akapigwa mpaka akapoteza fahamu, na baadhi ya wale mama wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo hakuna mwana wa mtu anayeitaka. Ng'ambo ya barabara liko Kanisa Kuu la All Saints. Wakaingia humo, na Provosti Peter Njenga hakuwatoa. Walikaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima.

Jumapili moja ya likizo ile dada yangu alinipeleka huko na chupa ya uji. Nilidhani nitakuta majabali. Nilikuta nyanya. Mmoja alikuwa anasuka kiondo, miguu ameinyosha, na jambo la kwanza aliloniambia si siasa wala Maandiko. Aliniuliza kama nina uzi, wake umekwisha. Sikuwa nao. Nikamuuliza, "Mama, huogopi?" Akaniangalia kama vile nimemuuliza kama hana miguu. Akasema anaogopa kila usiku mlango ukigongwa, ndiyo maana halali karibu na mlango. Kisha akaniambia uzi unauzwa Gikomba. Jumatatu nikaenda kuununua.

Uzi ule ulinigharimu nauli na asubuhi moja, na nilikuwa nimekwisha kutia sahihi yangu ya 1988. Kwa hiyo karama sijui. Ninajua tu kwamba wale mama walikuwa wengi na walilala mahali pamoja.

Ndivyo alivyopona Gitari pia. Usiku mmoja wa Aprili 1989 majambazi walivunja nyumba yake huko Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe, na majirani wakatoka gizani wakaja, wale watu wakakimbia. Watu humsifu askofu kwa usiku ule. Mimi huwafikiria majirani, walioruka kitandani bila kujua wanakutana na nini.

Kwa hiyo hebu nikuulize, mwanangu. Ukipiga mayowe usiku huu hapo hosteli, ni milango mingapi itafunguka, na wewe mlango wako ungefunguka kwa nani? Anza na hao. Andika majina yao na namba zao, kwenye karatasi, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.